Kumtafuta Bass Reeves Muskogee

Jaji Isaac Parker ana kaburi. Lipo kwenye makaburi ya taifa ya Fort Smith, jimbo la Arkansas, na halimpi mtu taabu: unaingia, unauliza, unaonyeshwa. Mjomba alisimama mbele yake, akavua kofia, akasoma mwaka wa kifo, 1896, kisha akaniuliza swali lililokuwa limetutoa Dallas alfajiri ile.

"Na askari wake je? Bass Reeves mwenyewe kazikwa wapi?"

Nikamwambia kazikwa Muskogee, ng'ambo ya mto, ndani ya Oklahoma, lakini hakuna jiwe lenye jina lake, wala mtu anayeweza kusimama mahali akasema kwa hakika ni hapa. Mjomba hakujibu. Alikuwa polisi maisha yake yote ya kazi, Tanga, Morogoro na Dodoma, akastaafu akiwa sajenti. Alipokuja kututembelea Marekani aliiona kwenye televisheni ile tamthilia ya mwaka 2023 ambamo David Oyelowo anaigiza nafasi ya Reeves, na tangu siku hiyo kila nilichopanga kumwonyesha hakikumvutia tena. Alitaka kwenda kumzuru askari mwenzake. Ndivyo alivyomwita, askari mwenzangu, na hakuwa anatania.

Mimi nilikuwa na langu. Nimesoma kwa muda mrefu habari za walinzi wa sheria wa Marekani ya magharibi, na nimeona jinsi baadhi yao walivyotunzwa. Wyatt Earp, ambaye umaarufu wake unasimama juu ya mapigano ya nusu dakika huko Tombstone, Arizona, mwezi Oktoba 1881, alifariki Los Angeles mwaka 1929. Majivu yake yalizikwa Colma, karibu na San Francisco, na hadi leo watu wanafunga safari kwenda kuliona jiwe lake. Mwaka 1931 kikatoka kitabu cha Stuart Lake kilichomkuza kuliko alivyokuwa, na filamu zikafuata. Reeves aliitumikia sheria kwa miaka 32. Nilitaka kuuona mji uliomzika.

Alizaliwa mtumwa, Arkansas, mwaka 1838. Reeves si jina la ukoo wake, ni jina la waliommiliki. Hao walihamia kaskazini ya Texas, wilaya ya Grayson, ambayo barabara kuu ya kutoka Dallas inaipita kabla ya kuvuka mto Red. Bwana wake wa mwisho, George Reeves, baadaye alikuwa Spika wa Bunge la Texas, na wilaya moja nzima magharibi mwa jimbo hilo ikapewa jina lake. Ipo kwenye ramani mpaka leo. Familia ya Bass imesimulia kwamba wawili hao walikorofishana kwenye mchezo wa karata, Bass akamtwanga bwana wake ngumi. Kwa mtumwa wa Texas kosa hilo lilikuwa la kupoteza uhai. Usiku huohuo alitoroka. Akavuka mto akaingia nchi iliyoitwa Indian Territory, ambako serikali ilikuwa imewasukumia Cherokee, Creek, Choctaw, Chickasaw na Seminole baada ya kuwang'oa kwenye ardhi yao ya asili. Aliishi na Creek na Seminole hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha, akajifunza lugha zao na njia zao. Elimu hiyo ndiyo iliyompa kazi.

Parker alifika Fort Smith mwaka 1875. Mamlaka ya mahakama yake yalifika maili za mraba 74,000, sawa na kilomita za mraba 190,000 hivi, yaani karibu moja ya tano ya Tanzania. Mataifa ya wenyeji yalikuwa na mahakama zao, lakini hazikuruhusiwa kumgusa mgeni aliyeingia kuiba farasi, kuuza pombe au kuua. Wahalifu wa Texas na Missouri walilijua hilo vizuri. Wakatafutwa manaibu marshali, askari wa serikali kuu, wa kuwafuata huko huko, na Reeves akala kiapo, miongoni mwa watu weusi wa mwanzo kupewa kazi hiyo magharibi ya mto Mississippi. Alikuwa na miaka 37, mke, watoto, na shamba nje ya mji.

Mjomba aliniuliza kazi yenyewe ilifanywaje, kwa undani, kama askari anavyomuuliza askari. Naibu aliondoka Fort Smith na gari la kukokotwa na farasi, mpishi, msaidizi mmoja au wawili, na fungu la hati za kukamata. Reeves hakujua kusoma wala kuandika. Alisomewa hati zote kabla ya kuondoka, akashika kichwani nani anatafutwa na kwa kosa gani, na alipomtia mtu mbaroni aliitoa hati inayomhusu kutoka kwenye fungu. Mahabusu walifungwa minyororo garini na safari ikaendelea mpaka gari lijae. Ilikuwa kazi ya wiki nyingi porini. Mshahara hakuna. Walilipwa senti kadhaa kwa kila maili na dola mbili kwa kila aliyekamatwa, na mtuhumiwa akifia mikononi mwako umekula hasara.

"Basi ndiyo maana aliwaleta hai," Mjomba akasema.

Sikukubaliana naye moja kwa moja. Wengine walilipwa kwa utaratibu uleule na walileta maiti. Reeves mwenyewe aliwahi kusema amekamata watu zaidi ya 3,000, na waliokufa kwa risasi zake hutajwa kuwa 14. Ukiziweka idadi hizo mbili pamoja, utaona ni mtu aliyependelea kuongea, kuvizia na kujigeuza sura kuliko kufyatua bunduki. Alivaa matambara ya mkimbizi akaomba chakula kwenye nyumba ya waliokuwa wanatafutwa, akala nao, wakalala, wakaamka na pingu mikononi. Si kwamba maisha yake hayakuwa na doa. Mwaka 1884 mpishi wake aliuawa kambini kwa risasi ya bunduki ya Reeves. Reeves alisema ilikuwa bahati mbaya. Akashtakiwa kwa mauaji mbele ya Parker yuleyule, akaachiwa mwaka 1887, na gharama za mawakili zikamfilisi. Akarudi kazini akiwa hana kitu.

Fort Smith wamemkumbuka. Karibu na daraja, kwenye bustani ya Pendergraft, iko sanamu yake ya shaba iliyozinduliwa Mei 2012, kazi ya mchongaji Harold Holden wa Oklahoma: Reeves juu ya farasi, bunduki mkononi, mbwa pembeni. Mjomba aliizunguka polepole. Akaangalia hatamu, akaangalia jinsi mkono ulivyoishika bunduki, akaridhika. Pale mjini kuna pia jumba la makumbusho la marshali wa Marekani, lililofunguliwa Julai 2023 ukingoni mwa mto Arkansas, na jengo la zamani la mahakama ya Parker ambalo sasa ni hifadhi ya taifa, pamoja na jukwaa la kunyongea lililojengwa upya. Parker alihukumu kifo watu 160. Walionyongwa ni 79. Tulilitazama lile jukwaa kwa mbali tu. Mjomba hakutaka kulikaribia, nami sikumlazimisha.

Niliipenda sanamu, lakini nina neno nayo. Inamwonyesha Reeves katika ubora wake, mwenye nguvu, juu ya farasi, na mgeni akiondoka pale ataamini kwamba hadithi inaishia hivyo. Miaka ya mwisho ya mtu huyu haikuishia juu ya farasi. Aliimaliza kwa miguu, na mkongojo, katika mji mwingine.

Tulivuka mto tukashika barabara ya kwenda magharibi hadi Gore, kisha tukapanda kaskazini kwa njia ndogo inayopita Braggs kuelekea Fort Gibson. Ningeweza kufuata njia ya kulipia na kufika mapema, lakini nilitaka kuingia Muskogee kwa daraja. Mwaka 2011 daraja la barabara namba 62, linalovuka mto Arkansas kati ya Fort Gibson na Muskogee, lilipewa jina la Bass Reeves. Nchi ile ni ya vilima vya miti na mabonde ya nyasi, na mto ni mpana, wa rangi ya udongo. Kibao cha jina kinapita haraka dirishani. Mjomba alikiona, akakisoma kwa sauti, na akaniomba tugeuze tukipite tena. Tukageuza.

Reeves aliletwa Muskogee na kazi, mwishoni mwa miaka ya 1890, baada ya muda katika mahakama ya Paris, Texas. Muskogee ulikuwa mji wa reli katika nchi ya Creek, na ulikuwa na watu weusi wengi, wakiwamo waliokuwa watumwa wa Creek na Cherokee wenyewe, kwa maana mataifa hayo nayo yalimiliki watumwa hadi vita vilipowalazimisha kuwaacha. Weusi wa mji huo walikuwa na ardhi, maduka, makanisa na wanasheria. Kwa mtu kama yeye haukuwa mji mbaya wa kuzeekea. Mke wake wa kwanza alikuwa amefariki, na mwaka 1900 alimwoa Winnie.

Mwaka 1902 kijana wake Bennie alimuua mkewe, Castella, kwa wivu, akatoroka. Hati ya kumkamata ilitolewa hapohapo Muskogee. Inasimuliwa kwamba ilikaa mezani kwa marshali siku mbili, hakuna naibu aliyetaka kuishika, mpaka Reeves alipoingia ofisini akaitaka apewe yeye. Akaenda, akamleta mwanawe akiwa hai. Bennie alihukumiwa kifungo cha maisha, akapelekwa gereza la Leavenworth, Kansas, na alitumikia miaka 11 kabla ya kuachiwa.

Kisa hiki ndicho kinachosimuliwa zaidi, na kila anayekisimulia hukifanya cha ushujaa. Nilimwachia Mjomba aseme, kwa kuwa mimi sijawahi kumfunga mtu pingu.

"Kituoni kwetu," alisema, "ndugu yako akiingia kwenye jalada unamwambia mkuu wa kituo, naye anampangia mwingine. Na si kwa kukuonea huruma, mpwa wangu. Ni kwa sababu ukikamata mtu wa damu yako, kesho wakili atasimama aseme ulimpendelea, au ulimwonea ili usionekane unapendelea. Kesi inaharibika."

"Kwa hiyo alikosea?"

Alifikiri kwa kitambo. "Yeye angempangia nani? Wale wenzake, ungemtuma mmoja porini kumfuata kijana mweusi mwenye silaha aliyekwisha kuua, unadhani angerudi naye akiwa hai? Mimi naona alikwenda kumwokoa mwanawe asiuawe. Sheria alikuwa nayo mfukoni, lakini miguu ilimpeleka kwa sababu hiyo."

Hakuna karatasi inayothibitisha maneno ya Mjomba. Reeves hakuacha barua wala kumbukumbu aliyoiandika. Hata hivyo, baada ya kusikia maelezo yale siwezi tena kuisoma habari ya mwaka 1902 kama nilivyokuwa nikiisoma.

Ninachokiona kuwa kizito zaidi kilikuja miaka mitano baadaye. Tarehe 16 Novemba 1907 Indian Territory ilifutwa, ikaunganishwa na eneo la Oklahoma, likazaliwa jimbo. Kazi ya manaibu marshali wa zamani ikaisha siku ile. Reeves alikuwa na miaka 69. Bunge jipya lilikutana, na muswada namba moja katika Seneti yake, wa kwanza kabisa, ulihusu mabehewa ya treni. Haukugusa shule, barabara wala visima. Uliagiza watu weusi na weupe wakae mabehewa tofauti na wasubiri treni katika vyumba tofauti. Ulipitishwa mwezi Desemba, kabla jimbo halijatimiza miezi miwili.

Nataka msomaji akae na jambo hili kidogo. Mtu huyu alizunguka nchi ile kwa miaka 32. Kwa wageni walioingia huko hapakuwa na sheria isipokuwa ile aliyoibeba yeye na wenzake kwenye mifuko ya tandiko, na wengi wao waliuawa wakiibeba. Ardhi ilipotulia, ikaweza kuitwa jimbo kwa sehemu kwa sababu ya jasho lao, waliopewa madaraka wakaketi na kuandika, na neno lao la kwanza lilikuwa kumwondoa yeye kwenye behewa. Alikuwa mzee, lakini hakuwa amekufa. Aliishi akaona. Alipotaka kupanda treni Muskogee, alilazimika kupandia mlango waliomchagulia.

Na bado alikwenda kuomba kazi. Polisi wa mji wa Muskogee walimchukua, wakampa lindo la katikati ya mji, kwa miguu. Alikuwa mzee wa miaka karibu 70, mrefu, mwenye masharubu mazito, akitembea na mkongojo. Inasemwa kwamba katika miaka miwili aliyolishika lindo lile hakuna kosa lililoripotiwa ndani ya mitaa yake.

Hapo Mjomba alicheka, kicheko cha furaha kabisa. "Hilo naliamini," akasema. "Doria ya miguu ndiyo polisi yenyewe. Unamjua muuza mkaa, unamjua kijana anayekaa kibarazani bila kazi, unamjua mama yake. Ukipita unasalimia. Akitaka kufanya ubaya anajua utamuuliza mama yake kabla ya jua kuzama."

Tulilitembea lindo hilo kadiri tulivyoweza kulikisia. Muskogee ya leo ina majengo ya matofali mekundu ya enzi zile, mengine yamefungwa, mengine yana maduka. Mjomba alitembea kwa mwendo wa kikazi, mikono nyuma, akijaribu vitasa vya milango iliyofungwa kama zamani askari wa zamu ya usiku alivyofanya, na mtu mmoja aliyekuwa anafagia mbele ya duka lake akamsalimu kwa heshima bila kujua kwa nini. Katika kituo cha zamani cha reli ya Midland Valley sasa kuna jumba la makumbusho la Three Rivers, na wenyewe wanamthamini Reeves. Ni kituo cha enzi za sheria ile ya vyumba viwili vya kusubiria.

Mwaka 1909 figo zilianza kumshinda. Akaacha kazi, akawa anauguzwa nyumbani, mtaa wa North Howard, upande wa kaskazini wa mji. Marafiki wa zamani wa mahakamani walikuja kumwona. Alifariki tarehe 12 Januari 1910. Magazeti ya mji, yaliyoendeshwa na watu weupe, yalimwandika kwa sifa ambazo mtu mweusi wa wakati ule hakuzipata kwa urahisi: uaminifu, ushujaa, kutokuogopa. Maziko yake yakahudhuriwa na watu wa rangi zote. Mwezi Agosti mwaka uleule wapiga kura wa Oklahoma wakapitisha kifungu kipya cha katiba: asiyejua kusoma na kuandika hapigi kura, isipokuwa kama yeye au babu zake walikuwa na haki hiyo kabla ya mwaka 1866. Bass Reeves, mtoto wa mtumwa, asiyejua kusoma, angekosa kila sehemu ya kifungu hicho. Mahakama Kuu ya Marekani ilikibatilisha mwaka 1915.

Kuhusu kaburi, jina linalotajwa na wengi ni makaburi ya zamani ya Union Agency. Union Agency ilikuwa ofisi ya serikali kuu iliyoshughulikia yale mataifa matano; jengo lake la mawe lipo juu ya kilima magharibi mwa mji, ndani ya bustani ya Honor Heights, na sasa ni makumbusho ya mataifa hayo. Tulipanda hadi pale. Unauona mji wote, miti mingi kuliko mapaa. Lakini kutaja jina la makaburi si kuonyesha kaburi, na hakuna alama iliyobaki ya kusema Reeves ni huyu.

Jumapili tulisali katika kanisa moja la watu weusi mjini. Mjomba ni Mwanglikana wa kale, na alisema hawezi kukaa mji wa watu Jumapili bila kuwasalimu kanisani kwao. Baada ya ibada mama mmoja mzee, mwalimu mstaafu, alisikia tulichokuja kukitafuta akatuambia tumfuate kwa gari. Alitupeleka kwenye makaburi ya zamani nje kidogo ya mji, ambako bibi yake na jamaa zake wamezikwa. Alitutahadharisha kabla hatujashuka: hapa si pa Reeves kwa ushahidi wowote, lakini tukitaka kuelewa jinsi mtu anavyopotea, tutembee naye.

Nyasi zilikuwa zimekatwa karibuni. Mawe ya kuchonga yalikuwa machache. Mengi yaliyosimama yalikuwa ya saruji iliyomiminwa nyumbani, kwenye kisanduku cha mbao, na jina likaandikwa kwa kidole au msumari kabla haijakauka. Moja lilikuwa na herufi S iliyogeuzwa. Mama yule alipiga goti akaondoa ukoga kwa ukucha mpaka mwaka ukaonekana. Kati ya jiwe na jiwe ardhi ilikuwa imebonyea kwa urefu wa mtu, mabonyeo mengi, mistari kwa mistari, yasiyo na chochote juu yake.

"Hizi zilikuwa na alama za mbao," alisema. "Mbao ya hapa haikai miaka 20. Mwenye jamaa aliyebaki mjini huiweka upya. Watoto wakihamia Chicago na California kutafuta maisha, nani ataiweka?"

Nilimuuliza kwa nini makaburi ya watu weupe ya miaka ileile yana vitabu vinavyoonyesha kila mstari na kila namba. Akaniambia yale yalikuwa na msimamizi aliyelipwa na mji, na haya yalitunzwa na makanisa na familia, kwa mikono, siku za Jumamosi. Hakuongeza kitu. Mimi naongeza: hakuna aliyeamua kumpoteza Bass Reeves. Ilitosha kwamba mji uliojua kumsifu gazetini ulihesabu kutunza kaburi lake kuwa shughuli ya jamaa zake peke yao, na jamaa wenyewe walikuwa watu ambao jimbo zima lilikuwa limeamua kuwabana pumzi. Na kwa kuwa hakuandika, hakukuwa na kitabu cha kumwongoza mtu hadi kaburini kwake. Jina lake lilififia mpaka watafiti wachache, Art Burton akiwa mbele yao, walipochimbua mafaili ya mahakama. Kitabu chake kikubwa juu ya Reeves kilitoka mwaka 2006, miaka 96 baada ya maziko.

Mjomba aliuliza kama hakuna mashine. Ipo: inasukumwa juu ya nyasi, inatuma mawimbi ardhini, inaonyesha wapi palichimbwa. Mama alikuwa amekwisha kuulizia bei. Lakini alisema mashine itamhesabia mashimo tu. Majina lazima yatoke kwingine, na yeye anajua yanakotoka. Magazeti ya zamani ya Muskogee yamewekwa kwenye intaneti na Jumuiya ya Historia ya Oklahoma, na yalichapisha taarifa fupi za misiba: nani amefariki, nyumba ipi, maziko saa ngapi, mara nyingine makaburi yapi. Anazisoma moja moja, jioni, akiwa na miwani miwili. Alitoa mkobani daftari la shule lenye jalada la bluu, akamwonyesha Mjomba ukurasa aliofikia. Safu ya kwanza jina, ya pili mtaa, ya tatu kanisa, ya nne makaburi kama yalitajwa. Reeves yumo, Januari 1910, na safu ya nne mbele ya jina lake ameiacha wazi.

Mjomba aliusoma ule ukurasa juu hadi chini kama anavyosoma kitabu cha mahabusu. Akauliza kwa nini jina fulani limepigiwa mstari. Akajibiwa kwamba wamezikwa wawili wenye jina hilo wiki moja na bado hajawatenganisha. Akauliza kama amewahi kuangalia risiti za mwenye duka la majeneza, kwa kuwa Tanga walipotafuta mtu aliyezikwa bila taarifa walianzia kwa seremala. Mama akamwangalia, akachukua kalamu, akaandika hilo pembezoni mwa daftari, na akamuuliza walikuwa wanatafuta nini hasa kwenye hizo risiti. Wakaanza kuelezana, mimi nikitafsiri, na mama bado alikuwa amebakiwa na Februari yote kuisoma.